Kwadi yangu ya mashindano imefikisha masaa 412: nishushe injini au ninunue mpya?

#1 Vumbi_Jekundu

Wakuu salaam. Najua humu wengi ni watu wa magari na bodaboda, ila majukwaa ya Wamarekani nimeyazunguka mpaka kichwa kinauma, kila mtu anavutia kwake. Nimeona nirudi nyumbani.

Niko Indiana, mwaka wa kumi na moja huu. Siku za kazi nashinda ghalani, wikiendi nakimbiza kwadi. Zile pikipiki za matairi manne, ndiyo, lakini siyo za kutembeza watalii. Yangu ni Yamaha YFZ450R ya mwaka 2012, ya mashindano: injini ya cc 449, valvu tano za titani, mfumo wa injeksheni, haina kabureta. Nacheza mbio za porini za hapa jirani, na kila Oktoba naingia raundi ya GNCC, mashindano makubwa ya mbio za porini Marekani, pale Crawfordsville inayoitwa Ironman. Masaa mawili ya msitu, mizizi na matope. Niko kundi la wanaojifunza, msinicheke.

Niliinunua 2016 kwa mtu ikiwa na masaa 58. Sasa mita inasoma 412. Kwa wasioelewa, mashine hizi hazihesabiwi kwa kilomita, zinahesabiwa kwa masaa ambayo injini imeunguruma. Pistoni nimebadilisha mara nne, ya mwisho masaa 70 yaliyopita. Kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haijaguswa tangu itoke kiwandani.

Hali ilivyo: ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata moto ukizima umeumia, unapiga stata mpaka betri inaomba poo. Valvu mbili za upande wa kuingiza hewa niliziwekea shimu mpya (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) mwaka jana, mwezi wa tatu nikaziwekea tena, na juzi nimepima nafasi imebana upya. Oili inakula kama robo lita kila mbio. Halafu kuna mtetemo miguuni ambao zamani haukuwepo, au labda ni uzee wangu.

Dukani wanataka kuichukua kwa dola 2,000 nikinunua mpya, na mpya inapita dola 10,000 kabla ya kodi. Gereji ya hapa wamenitajia 3,900 kushusha injini na kuisuka yote, na hata kuifungua hawajaifungua. Kwa miaka yote hii nimeshazika kama 3,500 nyingine kwenye shokapu zilizotengenezwa kwa uzito wangu, damper ya usukani (ya kupunguza mtikisiko), rimu na vyuma vya kukinga miguu.

Mama watoto ameshatoa hukumu yake, siiandiki hapa. Nipeni mawazo.

#2 KatapilaMzee

Uza. Mashine ikishafunguliwa uzi ujue imeshakufa, mnachofanya ni matanga tu.

#3 Msomaji_Kimya

Nimekaa paleee na kahawa.

#4 Bin_Ramla

Yakhe pole. Mie niko Maskati, Ijumaa nyingi utanikuta Bidiya kwenye mchanga wa Wahiba. Huku Ghuba kwadi yoyote utasikia watu wanaiita "banshi", hata kama ni ya mtoto wa miaka sita, kwa sababu ya ile Yamaha Banshee ya zamani, tustroki ya silinda mbili. Jina limebaki, mashine yenyewe imeshakuwa ya makumbusho.

Kabla hujaanza kuzungumza pesa nifanyie kitu kimoja. Toa ea klina, chukua kitambaa cheupe safi, tia mkono ndani ya lile bomba la mpira linalopeleka hewa kwenye injini, upande wa NYUMA ya chujio, upanguse. Kitambaa kikitoka safi tutazungumza mengine. Kikitoka na unga basi sababu ya valvu zako ushaipata.

Valvu ya titani ni nyepesi, ndiyo maana injini hizi zinazunguka kwa kasi vile bila springi kushindwa. Lakini titani yenyewe ni laini pale inapokaa kwenye kiti. Kinachoilinda ni ngozi nyembamba ngumu iliyopakwa juu. Vumbi likipita linafanya kazi ya msasa. Ngozi ikishatoboka, valvu inazama kwenye kiti chake kidogo kidogo, na ikizama nafasi inabana. Wewe unaweka shimu nyembamba, unadhani umetengeneza. Mara ya kwanza sawa, mara ya pili kwa valvu ileile ujue unaifanyia maziko ya awamu. Nafasi ikibana sana valvu haifungi sawasawa injini ikiwa na moto, kompresheni inakimbia, ndiyo hiyo stata yako inalia.

Na wallahi asije mtu akakushauri uzisage kwa ile dawa ya kusagia valvu. Za chuma husagwa. Titani ukiisaga unaondoa ile ngozi kwa mkono wako mwenyewe.

#5 FundiNyakato

Mkuu salaam kutoka Mwanza. Mimi ni fundi wa bodaboda, kwadi nimeshika mbili tu maishani, za wazungu wa mgodini. Ila injini ni injini. Kama inakula oili, peleka silinda kwa wachongaji wapanue kidogo, weka pistoni na ringi za oversaizi, maisha yanaendelea. Hapa kazi hiyo asubuhi unaacha, jioni unachukua. Hizo dola 3,900 wanataka kukujengea kaburi la vigae.

#6 Mama_Gia

@FundiNyakato kaka, heshima yako, ila hapo utamuua mtu. Silinda za bodaboda nyingi zina slivu ya chuma, unachonga, unaweka saizi inayofuata, basi. Hii ya YFZ ni alumini iliyopakwa nikasili, tabaka jembamba gumu kuliko chuma. Ukipitisha kisu cha kuchongea umeliondoa, na pistoni itakuwa inateleza juu ya alumini tupu. Haimalizi hata mbio moja. Silinda ya namna hii ama inapelekwa kwa watu wanaokwangua na kupaka nikasili upya kwa saizi ileile, ama unanunua nyingine.

Mimi niko Ohio, kazi yangu ni mashine za kukata chuma, na mume wangu ndiye mwenye ugonjwa wa kwadi. Mimi ndiye ninayepima, yeye ndiye anayevunja.

Vumbi_Jekundu, usikubali bei ya mtu ambaye hajafungua. Na wewe usiamue kabla hujapima. Anza na kipimo cha kuvuja, kifaa chake ni geji mbili na hozi, na kompresa ndogo ya nyumbani inatosha. Pistoni iwe juu kabisa, valvu zote zimefunga, unaingiza hewa kupitia tundu la plagi, geji inakuonyesha asilimia ngapi inatoroka. Kuliko hata namba, wewe sikiliza. Hewa ikipumua kwenye egzosi, valvu za kutolea zimekwisha. Ikipumua kwenye bomba la hewa, ni za kuingizia. Ikitoka kwenye hozi ya kupumulia ya keisi (kasha la chini la injini), ni ringi na silinda. Ukiona mapovu kwenye rejeta, gasketi ya hedi. Dakika ishirini unajua ugonjwa uko chumba gani.

Usihangaike na kipimo cha kawaida cha kompresheni. Kamshafti yako ina kifaa kinachoachia kompresheni wakati wa kuwasha, kwa hiyo geji itakudanganya kwamba injini imekufa hata kama nzima.

#7 KatapilaMzee

Dada unajua kazi yako, lakini bado hamjajibu swali. Yeye hakuuliza inavujia wapi, kauliza anunue au atengeneze. Chuma cha 2012! Ukitengeneza injini, mwezi ujao inakufa gia boksi, mwezi unaofuata waya. Mkweche ni mkweche.

#8 Pwani_Kusini

Niaje wakubwa. Niko Diani, tunakodisha kwadi kwa wageni, tuko na kumi na moja. Kwetu hesabu ni rahisi. Mashine ikianza kulala gereji siku nyingi kuliko zile inatoka na wageni, tunaiuza na tunanunua nyingine. Hatuoni uchungu. Lakini hizo zetu ni za kazi, injini haina haraka, gia otomatiki, mgeni akikanyaga sana ni nusu ya mwendo wa hiyo yako. Masaa 412 kwetu ni mtoto mchanga. Nimeshtuka kusikia pistoni inabadilishwa kila masaa sabini. Sabini! Makanika wetu amecheka mpaka akaketi.

Kwa hivyo usifuate hesabu ya mtu wa biashara. Wewe hii kitu haikuingizii pesa, inakula tu.

#9 Vumbi_Jekundu

@Pwani_Kusini mwambie makanika wako kuna jamaa hapa anabadilisha kila masaa 40 na haoni ajabu. Injini ya cc 449 yenye kasi hii ni kama mkimbiaji wa mita mia, usimpe gunia la mahindi.

@Bin_Ramla. Kaka. Nimepangusa. Kitambaa kimetoka rangi ya chai ya maziwa. Nimefuatilia, klampu inayobana bomba la mpira kwenye boksi la ea klina imelegea upande wa chini usioonekana, na mpira wenyewe una ufa mdogo. Mimi kila mbio naosha chujio, natia oili yake, naringa. Vumbi linapita pembeni linanitazama.

Sijui limepita kwa muda gani. Nahisi tangu nilipoangukia kwenye kile kisiki msimu juzi.

#10 Bin_Ramla

Basi hapo ndipo palipo na mkasa, maana hata ungenunua mpya ungeondoka na tabia ile ile. Paka grisi kwenye ukingo wa boksi pale chujio linapokaa, na kila ukifungua tazama grisi hiyo ina chembe au haina. Sie huku bila hivyo injini haifiki Ramadhani ya pili. Mchanga wa Wahiba ni laini kama unga wa ngano, unaingia hata kwenye saa ya mkononi.

#11 Msomaji_Kimya

Swali la mshamba: kwa nini asinunue ya kampuni nyingine ya bei nafuu? Lazima Yamaha?

#12 Mama_Gia

Swali zuri kuliko unavyodhani, na ndilo linalofanya uzi huu usiwe sawa na uzi wa gari.

Miaka ya 2006 hadi 2010 hivi ungeingia dukani ukachagua kama mtu aliye sokoni. Honda walikuwa na TRX450R, Suzuki na LT-R450, Kawasaki na KFX450R, Can-Am na DS 450, KTM nao walijitosa. Kila mmoja alitaka ubingwa. Ukaja msukosuko wa uchumi wa 2008, watu wakaacha kununua vitu vya kuchezea, halafu familia zikahamia kwenye zile gari ndogo za porini za kukaa wawili wawili zenye mkanda na paa. Kampuni moja baada ya nyingine zikafunga mstari. Honda waliitoa TRX450R mara ya mwisho kama modeli ya 2014. Leo ukitaka kwadi mpya ya mashindano ya cc 450 kutoka kampuni kubwa za Japani, imebaki YFZ450R peke yake. Ukitaka injini kubwa zaidi kuna Raptor 700, ambayo pia ni Yamaha.

Kwa hiyo "kununua mpya" kwa Vumbi_Jekundu maana yake ni kununua ndugu yake huyuhuyu. Fremu ya alumini ileile iliyoanza 2009, injini ya ukoo uleule, na klachi iliyoboreshwa 2014. Hilo ndilo analoongezea dola elfu nane, pamoja na sifuri kwenye mita ya masaa.

Na msidhani mashine iliyoachwa kutengenezwa haina kazi. Joel Hetrick ameshachukua ubingwa wa motokrosi wa kwadi Marekani akiwa juu ya Honda TRX450R, miaka mingi baada ya Honda kufunga mstari. Kila msimu zinasukwa upya kutoka kwenye fremu. Kwenye mbio hizi mashine unaitengeneza, huinunui.

#13 Bin_Ramla

Na hata mbio za Dakar, zilizohamia Saudia 2020, kwadi zilikimbia mara ya mwisho 2024. Andújar wa Argentina akachukua ushindi, wakafunga ukurasa. Ilikuwa mashindano ya Raptor kwa Raptor kwa miaka mingi. Sie tulikuwa tunakwenda kuwatazama, leo tunatazama magari.

#14 KatapilaMzee

Sawa, hapo nimejifunza. Sasa nisikilizeni na mimi maana nimefanya biashara ya mashine chakavu miaka ishirini.

Mnunuzi hakulipi risiti. Weka injini mpya ya 3,900 kwenye kwadi ya 2012, halafu itangaze. Watakupa bei ya kwadi ya 2012, labda na elfu moja ya pole. Kwa hiyo kama ana mpango wa kuiuza mwakani, kila dola anayotia sasa anawafanyia watu sadaka.

Na hiyo 2,000 ya dukani asiiguse. Akitaka kuachana nayo aichinje. Shokapu peke yake, damper peke yake, rimu peke yake, plastiki, usukani, akseli, keisi. Mzoga unauzika kwa vipande mara mbili ya ulivyo hai.

#15 Vumbi_Jekundu

Mzee Katapila leo umeongea.

Nimefanya kipimo. Inavuja asilimia 34. Hewa inapumua kwenye bomba la hewa waziwazi, na kwenye hozi ya keisi pia. Egzosi kimya, rejeta kimya. Nimeshusha injini jana usiku, mwanangu wa miaka tisa akishika tochi na kuniuliza kila boliti inaitwaje kwa Kiswahili. Nimeishia kwenye "nati" na "boliti", nyingine nikamwambia "kale kadude".

Pistoni ina mikwaruzo ya wima pande zote mbili. Silinda ukipitisha ukucha unakwama sehemu mbili. Valvu tatu za kuingizia zina bonde pale zinapokaa, hata bila kipimo unaliona. Taiming cheni imelegea lakini haijaruka.

Sasa konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na kranki. Nikiisukuma kulia na kushoto inacheza, nadhani ni kawaida? Nikiivuta juu na chini nahisi kitu. Sina uhakika kama ni mimi au ni yenyewe.

#16 Mama_Gia

Kulia na kushoto lazima icheze, pima kwa fila geji ulinganishe na kitabu. Juu na chini haitakiwi kucheza hata kidogo. Ondoa oili yote pale kwenye beringi kubwa kwa breki klina, kausha, zungusha kranki mpaka pistoni ingekuwa juu kabisa, kisha vuta konrodi kwa mikono miwili polepole. Oili inaficha mchezo, ndiyo maana hukuwa na uhakika.

#17 Vumbi_Jekundu

Nimekausha. Inagonga. "Tk". Mama watoto kasikia akiwa jikoni.

#18 Mama_Gia

Basi mazungumzo ya "nibadilishe pistoni tu nimalize msimu" yameisha, na ushukuru umeisikia mezani. Beringi ile ikivunjika ukiwa gia ya tano, konrodi inatafuta njia ya kutokea, na njia iliyo karibu ni kutoboa keisi. Ikishatoboa keisi hata mimi ningekuambia uchinje.

Hali yako sasa ndiyo ya katikati, mbaya lakini inayotengenezeka, kwa sababu keisi ziko nzima. Ila usitume hata senti moja kwenye injini kabla hujanipa habari za fremu. Watu wanaanza na injini kwa sababu ndiyo inayopiga kelele. Injini unaweza kuibadilisha yote, fremu ikipasuka umebaki na injini nzuri mezani.

Vua kila kitu. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, chukua tochi kali. Tazama pale shokapu za mbele zinaposhikwa, pale vikanyagio vinapofungwa, pale mkono wa nyuma (chuma kinachobeba akseli) unapozungukia, na kwenye shina la usukani. Ufa kwenye alumini unaanza kama unywele wenye mstari wa uchafu ambao hautoki ukipangusa. Halafu chukua futi ya utepe, pima mshazari kutoka boliti ya mkono wa nyuma hadi boliti za mikono ya mbele, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Vipimo viwili vifanane. Wewe uliyeangukia kisiki ndiye ninayekushuku.

#19 FundiNyakato

Dada nimenyoosha mikono. Naomba kuuliza, hiyo kranki wanabadilisha beringi na konrodi tu au yote? Hapa kwetu tunaipeleka kwa presi, tunafungua, tunaweka pini na konrodi mpya, tunaifunga na kuinyoosha kwa nyundo ya shaba.

#20 Mama_Gia

Kazi ni ileile, na wanaojua kuinyoosha kwa nyundo ya shaba na dayo geji siwadharau, ni ufundi mkubwa. Huku bei ya mtu wa kuifanya hivyo inakaribia bei ya kranki kamili iliyokwisha nyooshwa, kwa hiyo wengi wananunua kamili. Ingekuwa Mwanza ningekuja kwako.

#21 FundiNyakato

Hapo sawa. Karibu Nyakato, kranki bure, sato unanunua mwenyewe.

#22 Vumbi_Jekundu

Fremu: hakuna ufa. Mshazari umetofautiana milimita moja, nadhani ni mkono wangu. Mkono wa chini wa mbele kushoto umepinda, umesalimiana na kisiki. Beringi za mkono wa nyuma zimeshika kutu kabisa, moja imetoka vipande vipande.

Bei nilizokusanya, dola zote: kranki kamili 520. Beringi za kranki, sili na gasketi zote 260. Silinda kupakwa upya 280, pistoni na ringi 210. Hedi, na hapa nililia kidogo, valvu tano mpya, springi na kukata viti, 940. Taiming cheni 60. Mkono wa mbele na beringi za nyuma 430. Jumla 2,700, mkono wangu bure. Vifaa vya kufungulia keisi na kuvutia kranki nitaazima.

Upande wa pili: mpya 10,300, kodi ya hapa Indiana asilimia 7, ada za duka, nimevuka 11,000 kabla sijaweka hata kofia. Nikichinja ya zamani kama alivyosema Mzee labda napata 3,000, lakini nikichinja shokapu nazo zimekwenda.

Na kuna njia ya tatu imejitokeza. Jamaa Kentucky anauza ya 2019 kwa 6,800, masaa 90, "haijawahi kuchezewa".

#23 Pwani_Kusini

Hiyo ya Kentucky angalia sana boss. Mita ya masaa hutolewa na kuwekwa na mtoto wa shule. Ukinunua mashine ya mashindano ambayo mtu anakuapia haijafunguliwa, umenunua injini ambayo hujui ndani kuna nini. Hii yako unajua kila mkwaruzo, na hata jina la kisiki.

#24 Bin_Ramla

Hapo ameninyang'anya maneno. Na valvu usiende za chuma kwa kufuata urahisi. Zinadumu, ni kweli, mie nimeziweka kwenye moja yangu ya mchangani, ila ni nzito zaidi, lazima springi zake ziendane nazo, na injini haipandi juu kwa wepesi uleule. Kwa msituni ambako hukai kwenye kasi ya juu muda mrefu zingekufaa. Uamuzi wako.

#25 KatapilaMzee

Swali moja tu. Utakaa nayo miaka mingapi?

#26 Vumbi_Jekundu

Mpaka huyu mwenye tochi awe na umri wa kuipanda. Ana miaka tisa.

#27 KatapilaMzee

Tengeneza.

#28 Msomaji_Kimya

Kahawa imeisha, nahamia kwenye chai. Mkuu usituache hewani.

#29 Vumbi_Jekundu

Wakuu, samahani kwa kimya. Leo ni wiki ya tisa.

Silinda ilikaa kwa wapakaji wiki tano badala ya mbili walizoniahidi. Ironman imenipita, nilikwenda kwa miguu kushangilia wenzangu na kula soseji. Nikaamua valvu za titani tena, kwa sababu kosa halikuwa la valvu, lilikuwa la klampu ya dola nne na uzembe wangu. Bomba la mpira jipya, grisi kwenye ukingo, na sasa napangusa kwa kitambaa cheupe kila nikifungua. Mwanangu ndiye mkaguzi.

Bajeti ilivuka. Sahani za klachi zilikuwa zimeungua, sikuwa nimezitazama, 160. Boliti moja ya keisi niliikata kwa kuikaza kwa hasira wakati spana ya toki ipo mezani, kuitoa ikanigharimu jioni mbili na rafiki mmoja aliyekasirika. Jumla ya mwisho 2,915.

Imewaka Jumamosi. Nikaiacha ipate joto, nikazima, ikapoa kabisa, nikarudia mara tatu kabla ya kuipanda. Baada ya saa moja ya kwanza nikamwaga oili, ilikuwa na chenga zinazong'aa kidogo kwenye chujio, Mama_Gia kaniambia kwa mara ya kwanza ni kawaida, mara ya pili zikiwa zilezile nimpigie simu. Mara ya pili ilikuwa safi. Ikiwa na moto inawaka kwa kugusa tu. Mtetemo wa miguuni haupo, kwa hiyo haukuwa uzee.

Masaa matano yajayo nafungua kifuniko nipime valvu. Kuna mtu ana shimu za ziada za mashine hii? Nimebaki na pakiti nusu.

#30 Mama_Gia

Ninazo, nitumie anwani kwa ujumbe wa ndani. Pima injini ikiwa baridi kabisa, siyo baridi ya kusubiri dakika kumi.

#31 KatapilaMzee

Kijana, nipo na 4,000 taslimu. Nauliza tu.

#32 Vumbi_Jekundu

Mzee, muulize mwenye tochi.